Nyonga ya bandia: kwa nini gololi ni ndogo hivi? (Uzi wa fundi chuma)

Fundi Kereza (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mama yangu alibadilishiwa nyonga ya kushoto mwaka jana. Siku tuliyokwenda kumwona daktari kabla ya upasuaji, mezani kwake kulikuwa na sampuli. Mimi nakereza chuma mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka wa 19 huu, kwa hiyo mama akiwa bado anaeleza maumivu yanavyomwamsha usiku, mkono wangu ulishafika mezani. Nikalishika lile shina linaloingia ndani ya fupa la paja. Limeng'arishwa hadi unajiona ndevu. Juu yake kuna gololi ya milimita 28. Nikamuuliza daktari: kichwa cha mfupa wa mtu mzima kinazidi milimita 40, ninyi mnarudisha kijigololi hiki, na huyu mama ana kilo zake. Kitabeba?

Daktari akacheka. "Swali zuri, ila kuna watu kumi na wanne nje."

Basi nimejisomea mwenyewe mwaka mzima, na nimerudi na jambo moja. Wengi tunadhani nyonga ya bandia inashindwa kwa sababu ya uzito. Uzito inaumudu. Kilichoiua zaidi kwa miaka mingi ni unga wake yenyewe, ule unaosagika pale gololi inapozunguka. Ukilishika hilo, kila kona ya kile chuma inaanza kueleweka: kwa nini gololi ndogo, kwa nini kikombe cha plastiki inamokaa gololi, kwa nini shina ling'ae.

Nitaenda polepole. Mwenye haraka apitie comment za chini kwanza.

Fundi Kereza

Tuanze na uzito, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea mwenyewe.

Nilidhani mtu wa kilo 60 akisimama kwa mguu mmoja, nyonga inabeba kilo 60, pengine pungufu. Hapana. Wa pwani mnaujua mzega: mti begani, debe mbele, debe nyuma. Debe moja likizidi uzito, unasogeza bega upande wake mpaka mti utulie. Lakini hata ukisogeza vipi, bega linabeba madebe yote mawili. Sasa nyonga ndiyo bega. Upande wa ndani kuna uzito wa mwili, umbali wa kama sentimita 10 kutoka katikati ya gololi. Upande wa nje kuna misuli ya ubavuni mwa nyonga inayovuta ili usianguke, nayo iko karibu, tuseme sentimita 5. Aliye karibu lazima avute mara mbili.

Piga hesabu. Kilo 60, toa mguu uliosimamia ambao ni kama kilo 10, zinabaki 50. Misuli inavuta 100. Gololi inabeba 150, yaani mara mbili na nusu ya mwili mzima. Hapo nimechukulia kila kitu kinavuta wima, ambayo si kweli kabisa, lakini jibu haliko mbali. Kule Berlin kundi la Georg Bergmann liliwawekea wagonjwa nyonga zenye vipimo vya umeme ndani yake, zinazotuma taarifa nje ya mwili. Kutembea kawaida kulitoa wastani wa asilimia 238 ya uzito wa mwili. Mgonjwa mmoja alijikwaa bila kupangwa, kipimo kikaruka zaidi ya mara nane.

Na kila hatua ni kusimama kwa mguu mmoja. Kwenye mashine za majaribio, mizunguko milioni moja inahesabiwa kama mwaka mmoja wa mtu wa kawaida.

Kabwela wa Kisutu

Mara nane! Na mimi leo nimejikwaa kwenye mfereji mara mbili. Endelea mkuu, nimekaa paleee na kahawa.

Mnyooshaji

Mleta uzi, mimi ni mtu wa fiziotherapia. Kwa mzega huo huo waeleze watu habari ya fimbo. Kila siku nagombana na wazee.

Fundi Kereza

Asante, na hili limenikuta nyumbani. Mama nyonga mbovu ilikuwa ya kushoto, na fimbo akaishika mkono wa kushoto, upande wa maumivu, kama wanavyofanya wengi. Dada wa mazoezi alimtoa fimbo, akaihamishia kulia, akamwambia "tembea". Hatua ya tatu mama akasimama, akageuka kuniangalia kama vile mimi ndiye niliyemficha siri hiyo miaka yote.

Hesabu yake: fimbo ikiwa mkono wa upande mwingine, iko kama sentimita 40 kutoka kwenye nyonga mbovu. Mama akiisukuma kwa kilo 5 tu, anaipunguzia misuli kazi: badala ya kuvuta 100 inavuta 60. Gololi inabaki na 105 badala ya 150. Kilo 5 za mkono zimeondoa kilo 45 kwenye nyonga. Ukiishika upande ule ule wa ugonjwa, umbali ni mdogo na faida nayo ni ndogo.

Daktari naye anacheza na mzega huo huo anapochagua shina. Kuna mashina ambayo shingo yake inatokeza zaidi kwa pembeni, misuli ikapata sentimita 6 badala ya 5. Mzigo kwenye gololi unashuka hadi kama 133. Ila si bure: shina lenye shingo iliyotokeza linapindwa zaidi, kama msumari uliotundikwa kapu mbali na ukuta. Na akikosea urefu, mguu mmoja unakuwa mrefu, mgonjwa anamlaumu fundi viatu.

Fundi Kereza

Sasa gololi.

Miaka ya 1940 huko Paris ndugu wawili, akina Judet, walikuwa wakiwawekea watu kichwa cha nyonga cha akriliki, aina ya plastiki ngumu. Mmoja wa watu waliowekewa kichwa cha namna hiyo alikutana na daktari wa Kiingereza, John Charnley. Malalamiko yake: nyonga inalia. Kila akiinama inapiga kelele kama bawaba ya mlango, hadi mke wake akawa anamkimbia. Wengine wangecheka. Charnley aliisikia kama sisi mafundi tunavyosikia beringi: kitu kinacholia kina msuguano, na msuguano huo unakwenda mahali. Unakwenda kulegeza kiungo kilichoshikana na mfupa.

Alikuwa hospitali ya Wrightington, Lancashire. Wazo lake ni la karakana kabisa. Spana ndefu inafungua nati kirahisi, sivyo? Gololi kubwa ni spana ndefu. Msuguano ni ule ule, lakini unavuta ukiwa mbali na kitovu, na nati inayofunguliwa hapo ni kikombe kilichosimikwa kwenye mfupa wa nyonga. Basi punguza spana. Akashuka hadi gololi ya milimita 22.225, yaani inchi 7/8. Nafasi iliyobaki akaijaza kwa kikombe kinene. Shina na kikombe akavishika kwa saruji ya akriliki, jamii ya ile inayotumiwa na madaktari wa meno, na akasisitiza kwamba ile si gundi. Ni kama grauti ya fundi ujenzi: inajaza kila tundu na kuusambaza mzigo.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Teflon, hiyo hiyo ya kikaangio. Inateleza sana. Akawawekea wagonjwa karibu 300. Ndani ya miaka miwili mitatu gololi zilikuwa zimechimba njia kwenye vikombe, na unga wa Teflon umefanya uvimbe kuzunguka kiungo. Akawafungua upya, mmoja baada ya mwingine. Na yeye mwenyewe akajipandikiza vipande vya Teflon pajani aone kitatokea nini. Vikavimba.

Hapa anaingia mtu wangu. Charnley alikuwa na fundi wa maabara, Harry Craven. Mwaka 1962 alikuja mchuuzi wa plastiki ngumu iliyokuwa ikitengenezewa gia za mashine za viwanda vya nguo vya huko Lancashire. Polithini, lakini molekuli zake ni minyororo mirefu kupita kiasi. Craven akamwonyesha bosi, bosi akaipuuza. Bosi aliposafiri, Craven akaifunga kwenye mashine ya majaribio akaiacha izunguke. Wiki tatu, usiku na mchana, ilikuwa imeliwa kidogo kuliko Teflon inavyoliwa kwa siku moja. Novemba 1962 ikaingia kwenye mwili wa mgonjwa. Mpaka leo, miaka zaidi ya 60, kikombe cha plastiki kimsingi ni cha ukoo huo.

Charnley alipewa cheo cha Sir. Craven tunamtaja hapa.

Bint Makorora

Mkuu umenitoa machozi kwa ajili ya fundi 😅 Lakini si ulisema kinachoua ni unga? Kama plastiki hailiki, unga unatoka wapi?

Fundi Kereza

Inalika, ila polepole. Plastiki ile ya zamani ilikuwa ikiliwa kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Utasema si kitu. Piga hesabu ya ujazo: gololi ya milimita 22 ikizama milimita 0.1 inatoa kama milimita za ujazo 39. Gololi ya 32, kuzama kule kule, inatoa 80. Ndiyo maana nasema gololi ndogo ilikuwa na akili mara mbili, spana fupi na unga kidogo.

Na unga wenyewe si kama ule ninaofagia chini ya mashine. Chembe nyingi hazifiki hata sehemu ya elfu moja ya milimita. Seli za mwili zinazomeza takataka zinaumeza, haziwezi kuuyeyusha, zinapiga kelele ya kemikali, na kelele ile inaziamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa unaliwa kuzunguka shina. Mgonjwa hasikii chochote kwa miaka, halafu siku moja shina linacheza. Mwanzoni madaktari waliilaumu saruji, wakaiita ugonjwa wa saruji, wakatengeneza nyonga zisizo na saruji. Mfupa ukaendelea kuliwa.

Dawa ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990: plastiki ile ile inapigwa mionzi ili minyororo yake ishikane kama wavu, kisha inapashwa moto ili isioze kwa oksijeni. Kulika kumeshuka sana. Ndiyo iliyowapa madaktari ujasiri wa kurudi kwenye gololi za 32 na 36, kwa sababu gololi ndogo ina ubaya wake: inachomoka kirahisi. Ili itoke kwenye kikombe haihitaji kupanda mbali, na shingo inagonga ukingo mapema.

Mzee wa Boljointi

Mie niko gereji. Kuna boljointi za gari, vile viungo vya gololi vya magurudumu, ambazo ni chuma ndani ya chuma na grisi, na zinapiga kilometa. Kwa nini wasiweke chuma kwa chuma wamalize kazi?

Fundi Kereza

Waliweka, mzee wangu. Tena kwa hoja nzuri kabisa: gololi kubwa ya kobalti na kromu, imekerezwa kwa usahihi, majimaji ya kiungo yanatengeneza utando kati ya vyuma viwili kama oili kwenye beringi ya kranki. Kwenye mashine ya maabara ilifanya vizuri.

Tatizo mwili si maabara. Kikombe kikisimikwa kimesimama kupita kiasi, mzigo unahamia ukingoni, utando unakatika, chuma kinasaga chuma. Unga wa chuma ni mdogo zaidi kuliko wa plastiki, na kobalti inaingia kwenye damu. Wagonjwa wengine misuli ya kuzunguka nyonga ilioza. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliita sokoni nyonga yake ya ASR, zilikuwa zimeshawekwa kwa watu kama 93,000 duniani. Boljointi yako ikilegea unanunua nyingine Kariakoo kabla ya saa sita.

Keramiki (jamii ya kauri) kwa keramiki ni njia nyingine, Pierre Boutin aliianza Ufaransa mwaka 1970. Hailiki karibu kabisa. Ila inaweza kupasuka, ingawa za siku hizi ni nadra, na nyingine zinalia. Ndiyo, kulia kule kule alikokusikia Charnley!

Kabwela wa Kisutu

Na lile shina linalong'aa? Uliahidi.

Fundi Kereza

Hapa ndipo nilipopenda zaidi, naomba mnivumilie.

Mji wa Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, daktari Robin Ling na mhandisi Clive Lee walitengeneza shina la kusimikwa kwenye saruji. Lilianza kutumika mwaka 1970. Umbo lake ni kabari: pana juu, jembamba chini, limeng'arishwa. Mwaka 1976 uso wake ukabadilishwa, ukaachwa na ukwaru. Ukimuuliza fundi yeyote atasema sawa, ukwaru unashika saruji vizuri. Mimi ningesema hivyo pia.

Mashina yenye ukwaru yakaanza kulegea kuliko yale yanayong'aa. Mwaka 1986 wakarudi kwenye kung'aa.

Sababu ni ya shoka. Mpini uliochongwa kwa kabari, kadiri unavyopiga ndivyo shoka linavyokaza. Shina linalong'aa linateleza chini ndani ya saruji, milimita moja au mbili kwa miaka ya mwanzo, na likishuka linajikaza lenyewe, linasukuma saruji kuelekea mfupa pande zote. Mfupa unapenda kusukumwa, usiposukumwa unakonda. Shina lenye ukwaru haliwezi kushuka kistaarabu. Linashika, linaachia, linashika, na kila likiachia linasaga saruji kama msasa. Unga tena!

Kuna shule nyingine isiyotumia saruji. Shina au kikombe kinapewa uso wenye vitundu, mfupa unaota ndani yake. Hapo ukwaru unatakiwa, lakini kwa sharti: siku za mwanzo kisicheze. Kikicheza chini ya kama maikroni 50 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita) mfupa unaota. Kikizidi 150 kinaota utando laini badala ya mfupa, na shina halitashika tena. Ndiyo maana linapigwa nyundo liingie kwa kubana. Na ndiyo maana wengi wanapenda titani: ugumu wake wa kupindika ni kama gigapaskali 110, kobalti-kromu ni zaidi ya 200, mfupa mgumu ni karibu 20. Chuma kigumu mno kinabeba kila kitu, mfupa wa pembeni unakaa bure, unakonda. Kama mtoto anayebebwa hadi darasa la saba.

Kitu kimoja cha mwisho kwa wenzangu wa karakana: unajua gololi inashikaje kwenye shingo? Tepa ya Morse, koni inayojibana ndani ya tundu lake. Kanuni ile ile ya mkia wa mashine ya kukereza tunayofungia dirili! Nilipoijua nilinyanyuka kwenye kiti.

Bi Mkubwa wa Tongoni

Wanangu, mimi nimewekewa miezi minne sasa. Nimekatazwa kuchuchumaa, nimekatazwa kusujudu chini, naswali kwenye kiti. Naumia moyo. Ni lazima?

Fundi Kereza

Shikamoo mama. Sikuzidi daktari wako, nakueleza tu chuma kinavyofanya. Ukikunja nyonga sana, shingo inagonga ukingo wa mbele wa kikombe. Ikiendelea kukunjwa, ukingo unakuwa egemeo na gololi inanyanyuliwa itoke kwa nyuma. Hatari inazidi goti likiingia ndani na mguu ukigeuka. Choo cha kuchuchumaa na kigoda cha jikoni vyote viko hapo. Miezi ya mwanzo nyama zilizokatwa hazijashika, ndiyo maana wanakubana. Baadaye muulize yeye mwenyewe alipitia upande gani na aliweka gololi ya ukubwa gani, jibu linategemea hayo.

Kuna kikombe alichobuni Gilles Bousquet huko Saint-Étienne miaka ya 1970: gololi ndogo ndani ya gololi kubwa ya plastiki, nayo inazunguka ndani ya kikombe cha chuma. Inakunjika zaidi kabla ya kugonga. Huwekewa sana walio katika hatari ya kuchomoka.

Mnyooshaji

Shikamoo bibi. Kiti kiwe kirefu, magoti yasizidi nyonga. Usikae sofa linalozama.

Kijana wa Ilemela

Mdogo wangu ana miaka 27, mgonjwa wa selimundu (sikoseli). Eksirei inaonyesha kichwa cha nyonga kimebonyea. Mnasemaje?

Fundi Kereza

Pole sana mkuu. Selimundu inaziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa kinakosa damu, kinakufa na kubonyea. Huku kwetu vijana wengi wanafika kwenye nyonga ya bandia kwa njia hiyo, si kwa uzee. Ugumu wake ni miwili. Ndani ya fupa la paja kunakuwa na sehemu zilizoziba na kuwa ngumu, shina linapita kwa shida na mfupa unaweza kupasuka. Na umri: kuna uchambuzi uliotoka mwaka 2019 kutoka kwenye daftari za nchi zinazofuatilia kila nyonga, ukakadiria kama asilimia 58 zinafika miaka 25. Wa miaka 70 hiyo inamtosha. Wa 27 atarudi. Kwa hiyo muulizie habari ya plastiki yenye wavu au keramiki, na apasuliwe na mtu anayepasua wenye selimundu mara kwa mara, maana damu na maambukizi vinahitaji uangalizi wao.

Na daftari hizo si za Wazungu peke yao. Wasweden walianza 1979, lakini jirani zetu Malawi wana yao tangu 2005.

Bint Makorora

Umenikumbusha. Mama yako aliwekewa ya ukubwa gani mwishowe? Hukusema.

Fundi Kereza

Hapo ndipo nina kinyongo. Kila kipande kinakuja na stika kwenye boksi: aina, ukubwa, namba ya toleo. Zinatakiwa kubandikwa kwenye faili, na mgonjwa apewe nakala. Hospitali tuliyokwenda (siitaji) ilitupa karatasi imeandikwa "THR kushoto", yaani kifupi cha Kiingereza cha kubadilishiwa nyonga. Basi. Siku ikihitaji kubadilishwa plastiki peke yake, daktari mpya atakuwa anabahatisha tepa ya nani. Nimekwenda mara tatu.

Bint Makorora

Nimeangalia faili la baba sasa hivi, kuna stika tatu. Moja imeandikwa 52. Moja 32, +4, 12/14. Nyingine 44 No 2. Hizi ndizo?

Fundi Kereza

Ndizo! 52 ni kikombe, kipenyo cha nje. 32 ni gololi. 12/14 ni tepa, milimita 12 ncha nyembamba na 14 ncha nene. +4 maana yake gololi imesogezwa nje milimita 4 kuliko ile ya kawaida ya kampuni hiyo. 44 nadhani ni jinsi shingo ilivyotokeza pembeni, kwa milimita, na No 2 ukubwa wa shina. Zipige picha sasa hivi kabla gundi haijakauka, na namba ndogo za chini zisikatwe.

Mimi Jumatatu nakwenda mara ya nne.